Nyasi za Mama Kwenye Mtaro wa Bilele

Nilinunua nyumba Bilele mwezi wa saba, na ujinga wangu ulianzia hapo. Mwezi wa saba Bukoba inadanganya watu. Mvua inapumzika, barabara zina vumbi, mto Kanoni unapita chini kabisa kama hauna habari na mtu, na anayekuuzia nyumba anakutembeza uani akiwa amevaa makubazi. Kuta za nyumba ile zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta ya bluu kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Nikaona ni urembo. Sikujiuliza kwa nini mtu apake rangi mpya nusu ya chini ya ukuta na kuiacha nusu ya juu ichakae.

Na wala mimi si mgeni. Nimezaliwa Kamachumu, nimekulia mvuani, na nimefundisha jiografia upande wa Kahororo kwa miaka mingi kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi wangu sasa wananiletea watoto wao. Kila mwaka nachora mto ubaoni, na mwisho wake nachora ziwa. Miaka ile ziwa lilikuwa limepanda. Ufukweni, pale nilipokuwa nikiwapeleka wanafunzi kupima mteremko wa mchanga, sasa palikuwa maji matupu, na miti iliyokuwa kivuli cha watu waliokuja kupunga upepo ilisimama ikilowa miguu. Niliwaeleza wanafunzi kwamba ziwa likipanda, mto hauna pa kumwaga, kwa hiyo unasimama, unarudi nyuma, unaingia mitaani. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayejua, nikawapa zoezi, kisha nikarudi kulala Bilele.

Mama yangu alikuja kukaa nami mwaka wa pili. Baba alikuwa amefariki na kuzikwa kibanjani, shambani kwetu, na sisi watoto tumetawanyika, kwa hiyo mama alibaki peke yake kwenye nyumba kubwa katikati ya migomba. Magoti yake yalikuwa yameharibika. Asubuhi moja alianguka nyuma ya jiko, akalala hapo chini mpaka mchana, mtu aliyekuwa anapita na mzigo wa kahawa aliposikia sauti yake. Nilipopata habari hizo nilikuwa darasani, na nakumbuka niliweka chaki mezani nikatoka bila kuaga. Nilimleta mjini kwa hila. Nilimwambia tunaenda hospitali kuonyesha magoti, wiki mbili tu.

Wiki mbili zilipoisha akataka kurudi. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa akiniuliza nitampeleka lini. Hakuwa na neno baya na nyumba yangu, ila alikaa ndani yake kama mtu anayesubiri gari. Usiku nilikuwa nikimwona amelala chini nyuma ya lile jiko, akiita, na hakuna anayesikia. Sikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko hiyo.

Mambo mawili ndiyo yaliyombakiza. La kwanza ni jirani yetu.

Jirani alikuwa mjane wa Kiislamu, mdogo kwa mama kwa miaka michache, na nyumba yake ilikuwa chini ya yetu kwa kimo cha ngazi moja. Babu zake walitoka pwani, yeye mwenyewe pwani hajawahi kufika. Alizaliwa Bilele, akaolewa Bilele, akamzika mumewe Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu, maana mimi shule imenichafulia. Alikuwa anapika vitumbua. Alfajiri moshi wake ulikuwa ukiingia chumbani kwa mama, na mama, ambaye hajawahi kulala jua likimkuta, akaanza kusogeza kigoda chake karibu na ua wa seng'enge ili aone nani huyo anayeamka kabla yake. Ndani ya mwezi mmoja walikuwa wanaitana omunywani, jina ambalo kwetu humpi mtu wa kupita tu. Ni rafiki ambaye mmefungamana. Mama akimpa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, yeye akimpa vitumbua vilivyovunjika. Nikirudi kazini nilikuwa nikiwakuta wanasengenya mtaa mzima, kila mmoja upande wake wa seng'enge.

La pili ni migomba. Mama alipofika aliutazama uwanja wa nyumba yangu, udongo mtupu uliofagiliwa, akaniuliza kwa nini ardhi yangu iko uchi. Nikamwambia mjini ndivyo. Aliporudi kutoka Kamachumu kwenye msiba wa shangazi, alikuja na machipukizi manne ndani ya gunia, akayapanda pembeni, kando ya mtaro wa maji ya mvua, kwa sababu hapo ndipo udongo ulikuwa laini. Na mgomba wa Mhaya haukai bila nyasi. Tangu akiwa mtoto alikuwa akikata nyasi rweya, kule nje ya vibanja ambako hakuna kinacholimwa, anazibeba kichwani, anazitandaza chini ya migomba mpaka udongo usionekane tena. Mwanamke asiyetandaza alikuwa anasemwa. Kwa hiyo na mimi, mwalimu mwenye shahada, nikaanza kukata nyasi kwenye miinuko ya Kahororo siku za Jumamosi na kuzileta Bilele kwa bodaboda, nimezikumbatia kifuani. Walimu wenzangu walinicheka, wakaniuliza nimenunua ng'ombe wa aina gani.

Mama alizitandaza mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, anasogea kidogo kidogo. Akaongeza majani makavu na maganda ya migomba. Ilipofika mvua za vuli matandazo yalikuwa yamefika kwenye mashavu ya miguu, na migomba imeshika. Akaacha kuniuliza nitampeleka lini.

Basi siku moja jirani akanisubiri getini. Alisubiri mpaka mama aingie ndani. Akanisalimia kwa adabu, akaniuliza habari za shule, akazunguka weee, mwishowe akasema, "Mwalimu, mwambie mama taratibu. Hapa maji yana njia yao. Nyasi zile zikichukuliwa zitaziba pale chini." Akanionyesha kwa kidevu bomba la saruji lililopita chini ya kijidaraja kati ya geti letu na lake. Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe, ilhali ni marafiki. Akasema yeye ni mtoto wa mjini, hana hata mgomba mmoja, ataanzaje kumfundisha mwenye kibanja namna ya kutunza migomba? Mtoto wake akimwambia itakuwa laini zaidi.

Nikamwahidi. Na ni kweli, hata bila yeye kusema nilipaswa kuliona. Ninafundisha mambo hayo. Niliingia ndani na maneno yakiwa mdomoni kabisa, nikamkuta mama amesimama dirishani. Amesimama, mwanamke ambaye kuinuka kitini ilikuwa kazi ya dakika nzima, anaitazama migomba yake. Akaniambia ule wa kwanza utazaa kabla ya Pasaka. Nikasema vizuri. Nikamimina chai.

Kesho yake nikajiambia nitamwambia Jumamosi. Jumamosi nikaona amefurahi. Nikajikausha hivyo karibu miezi miwili, na kila nilipokutana na jirani alinitazama kidogo tu, bila kuuliza, nami nilianza kupita haraka haraka kama mtu mwenye mtihani wa kusahihisha. Nilijiita mtoto mwenye huruma. Nilikuwa mwoga, nasema wazi.

Mvua ilikuja asubuhi, wiki moja kabla ya Ramadhani. Mvua za Bukoba hutoka ziwani alfajiri na kwa kawaida saa tatu zimekwisha. Ile ilifika saa tatu ikaongeza. Kufika saa nne Kanoni ulikuwa umejaa hadi ukingoni na hauendi popote; ziwa lilikuwa limeukatalia. Jirani aliujua mto huo vizuri. Alikuwa na viroba vyake vya mchanga, alivipanga mlango wa upande wa mtoni kama alivyopanga miaka yote, akapandisha vitu vyake kwenye meza za upande huo. Alifanya kila kitu sawasawa.

Maji yalimwingilia kutoka kwetu. Mtaro ulifurika, ukazoa matandazo ya mama kwa mara moja, tukiyatazama dirishani. Yaliondoka kama mkeka unaovutwa. Yakafika kwenye lile bomba yakajazana humo, na maji yaliyokosa njia yakapanda juu ya kijidaraja, yakageuka, yakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni wa jirani, ambao hakuwa ameuwekea kiroba hata kimoja. Kwetu yaliishia kwenye vifundo vya miguu. Kwake yalifika mapajani. Nilimwona akitoka, msahafu wake ameufunga kwenye kanga na kuuweka kichwani, mkono mmoja ameushika, mwingine anapapasa ukuta. Hakuwa ametoa kitu kingine. Nilimfuata nikamshika kiunoni, na tulipofika ngazi yetu tukasikia ukuta wa jiko lake, ule wa matofali mabichi, ukianguka.

Mvua ilipokatika vijana wa mtaa walikuja na majembe kuzibua. Mama akatoka. Nilimwambia akae ndani, akanipita. Alishuka akishika seng'enge, akainama kwenye bomba kabla ya vijana hawajaanza, akaingiza mkono mpaka begani, akavuta. Alitoka na fundo la nyasi na maganda ya migomba, limesokotana. Akalitazama.

"Ni zangu," akasema.

Vijana walijifanya wanatafuta mahali pa kuanzia. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa jinsi ilivyokuwa imelowa siku ile ingeweza.

Mama akageuka, akapanda mpaka barazani kwetu alipokuwa amekaa jirani na kanga zake zilizolowa, akapiga magoti. Kwetu mwanamke hupiga magoti akisalimia au akiomba radhi, lakini yeye alikuwa hajaweza tangu baba afariki. Hata padri alimsalimia akiwa amekaa na kumwomba samahani kwa hilo. Alishuka, mkono mmoja sakafuni, kisha mwingine, na uso wake ulionyesha maumivu yote. Akasema kwamba nyasi zilikuwa zake, na kwamba amemharibia nyumba.

Jirani akamwinua. Ilibidi tusaidiane, mimi na yeye. "Inuka, mama," alimwambia kwa Kiswahili. "Ni mvua tu. Mungu ndiye aliyeleta." Na alipokuwa anasema hivyo alinitazama mimi juu ya kichwa cha mama. Jicho lake halikuwa na hasira. Lilikuwa linaniambia kwamba siri yangu iko salama kwake, na lilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana.

Alikaa kwetu siku tano. Mama alimpa kitanda chake, akalala na mimi. Nilidhani mambo yamekwisha vizuri. Kumbe siku hizo tano ndizo zilizokuwa mbaya. Walikuwa wastaarabu. Walipishana mlangoni wakiombana samahani. Mama alimkaribisha chai kama anavyokaribishwa mkaguzi wa shule, na jirani akashukuru mara mbili mbili kwa kila kijiko cha sukari. Wanawake wawili waliokuwa wakisengenya kwa Kihaya kuanzia alfajiri sasa waliongea Kiswahili safi cha ofisini, habari za asubuhi, umelalaje, tunamshukuru Mungu. Hakuna aliyetaja nyasi. Hakuna aliyetaja bomba. Jirani aliporudi kwake, baada ya sisi kumsaidia kukausha godoro na kusimamisha mabati yazunguke jiko, kigoda cha mama hakikurudi kwenye seng'enge.

Siku ya Jumatatu niliporudi kutoka shule nilikuta nguo zake zimekunjwa juu ya kitanda, na lile gunia la machipukizi limefuliwa na kuanikwa. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba Jumamosi anarudi Kamachumu. Nikamkumbusha jiko na ile siku ya kuanguka. Akasema ataangalia anapokanyaga. Nikamwambia jirani hana kinyongo naye, yeye mwenyewe amesikia, amesema ni mvua. Mama akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mtu anakuambia ni mvua ukiwa mgeni wake," akasema. "Omunywani angenigombeza."

Alikuwa anamenya ndizi. Mama humenya bila kutazama, kisu kinapita ganda linaanguka zima. Nikakaa mkabala naye, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nikamwambia yote. Kwamba jirani alinisubiri getini kabla ya Krismasi. Kwamba alinionyesha bomba. Kwamba alinituma nimwambie kwa adabu, na mimi nikaahidi, na nikanyamaza. Nikamwambia nilinyamaza kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama dirishani mwenyewe.

Kisu kikasimama. Nilisubiri aseme kuhusu ukuta wa jirani, au unga wake wa vitumbua uliogeuka uji, au aibu ya kupiga magoti mbele ya vijana. Hata hayo hakuyagusa.

"Kwa hiyo alisema," akaniambia. "Yeye alisema. Wewe ndiye uliyeniona siwezi kuambiwa."

Nikaanza kujitetea, kwamba nilimhurumia. Akainua mkono ule wenye kisu, taratibu, ninyamaze. "Nimelima miaka hamsini," akasema. "Ningeziondoa siku ileile. Ningehamisha migomba. Ungenipa nafasi nikafanya kama mtu mzima."

Nimegombezwa na wakuu wa shule, na wazazi, na mwanamume mmoja niliyekaribia kuolewa naye. Hakuna aliyewahi kunifikia pale mama aliponifikia kwa maneno yale machache, na yote ya polepole. Nililia. Yeye hakulia, wala hakunibembeleza, na nadhani nilistahili hivyo.

Aliweka kisu ndani ya beseni. Akanyanyuka, ile kazi ya dakika nzima, na niliponyoosha mkono kumsaidia akauondoa. Akatoka. Nilimsikia akishuka ngazi moja moja, akipumzika kila ngazi, kisha geti la jirani. Nikaenda dirishani nikasimama nyuma ya pazia kama mwizi.

Sikusikia alichosema kwanza, maana alisema chini. Nilichosikia ni jirani. Sauti yake ilianza kawaida, ikapanda, ikapanda tena, na ilikuwa Kihaya kitupu. Alimuuliza tangu lini mtu anatandaza nyasi juu ya mtaro. Alimwambia amekaa Bilele maisha yake yote, amepambana na mto kwa viroba, na mwanamke wa Kamachumu amekuja kumfurikisha kwa majani ya mgomba. Alitaja godoro. Alitaja unga, kilo kwa kilo. Alitaja ukuta uliojengwa na marehemu mumewe kwa mikono yake, na hapo sauti ikakatika kidogo, kisha ikarudi na nguvu mpya. Alisema mama ni mkaidi, na kwamba amezaa mtoto mwoga. Mtaa mzima ulisikia. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama.

Mama alinyamaza wakati wote huo. Nilianza kuogopa kwamba nimeharibu mara ya pili, na nikashika kitasa nikitaka kushuka.

Ndipo nikamsikia. Alimjibu kwamba sawa, nyasi ni kosa lake, ila migomba haina hatia, na haiwezi kukatwa wakati ule wa kwanza unakaribia kuchanua. Jirani akasema itakatwa yote. Mama akasema miwili. Jirani akamuuliza kama ana masikio. Mama akamwambia aje aoneshwe basi, badala ya kupiga kelele, na wakaanza kubishana ni hatua ngapi kutoka kwenye mtaro zinatosha, hao wawili, mmoja asiye na magoti na mwingine asiye na jiko, kila mmoja akimkata mwenzake maneno.

Mtu anayejiandaa kuondoka habishani namna ile. Niliachia kitasa. Nikarudi kukaa, nikachukua kisu kutoka kwenye beseni nikaendelea na zile ndizi, naacha nyama nyingi kwenye maganda kama kawaida yangu. Walibishana mpaka maji ya kupikia yakachemka, na hakuna aliyeniita.